Njaa ya Kuazima

Jamleck Wanyoike alikuwa amechoma mbuzi pale Kikopey kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna siku aliyokaa saa tatu bila kutia kitu mdomoni. Hakuwa mlafi, tusimwonee. Kazi ndiyo iliyomtaka hivyo. Nyama haiwezi kukuambia imeiva, lazima mtu aiulize, na muulizaji katika bucha ya Zeddy alikuwa yeye. Angekata kipande cha ubavu, akipulize, akitafune huku macho yake yako kwa malori ya barabara kuu, kisha atikise kichwa au aongeze chumvi. Watu walitoka Nairobi na njaa yao wakaipitisha bucha kumi na nne ili waje kuimalizia kwake. Zeddy alilijua hilo, ndiyo maana hakuwahi kuuliza kwa nini kila mbuzi alifika mezani akiwa amepungua kidogo.

Maisha yaliharibiwa na sisimizi.

Nyumba ya Jamleck iko juu ya kilima, choo kiko ng'ambo ya boma, na baridi ya Gilgil ya alfajiri si ya kuchezea. Kwa hiyo yeye na mkewe Wamuyu, kama watu wengine wa umri wao, waliweka ndoo ya usiku kwenye kona ya chumba cha kulala. Asubuhi moja ya Jumatatu Jamleck aliinua ile ndoo ili akaimwage, akakuta sisimizi. Hawakuwa wawili watatu waliopotea njia. Walikuwa wamepanga foleni tangu chini ya mlango, wakubwa kwa wadogo, wakienda kwenye ndoo kwa adabu kama watu wanaoenda kupiga kura.

Akakaa kitandani. Sisimizi hao aliwafahamu. Walikuja nyumbani kwao Elburgon alipokuwa kijana, wakapanga foleni hivyo hivyo kando ya kitanda cha baba yake, wakifuata sukari iliyokuwa kwenye mkojo wake, na mwaka haukuisha kabla daktari hajakata kidole cha mguu. Baadaye akakata wayo. Baadaye akakata mpaka gotini. Mzee alizikwa kwa awamu: kidole kilizikwa na watoto chini ya mpea, mguu ukabaki huko hospitalini, na yeye mwenyewe akafuata mwishoni, mfupi kuliko jeneza lake. Jamleck alikuwa amebeba jeneza hilo upande wa miguuni, na hajasahau jinsi lilivyokuwa jepesi.

"Mama Natalie," alisema. Natalie ni binti yao, ameolewa Njoro. "Niko na sukari."

Wamuyu alikuwa akinywa maji. Alimaliza kikombe, akajaza kingine kutoka kwa mtungi, akanywa nusu ndipo akajibu.

"Nani amekuambia?"

"Sisimizi."

Mwanamke mwingine angecheka. Wamuyu hakucheka, kwa sababu alikuwa mtu wa maombi na mtu wa maombi huchukulia ishara kwa uzito. Alimwambia aende akapimwe.

Kuna zahanati pale njia panda, na maabara yake inaendeshwa na mama mmoja mnene, mpole, aitwaye Jemutai. Alimsikiliza Jamleck, sisimizi wote wakiwemo, kisha akamwambia arudi kesho asubuhi akiwa na njaa.

"Kutoka saa mbili usiku usikule kitu, mzee. Maji tu, maji plain. Halafu saa mbili asubuhi nakudunga kidole, tunaona."

"Saa kumi na mbili nzima bila kula?"

"Nyingi utakuwa umelala."

Jamleck alirudi Jumanne na njaa yake, akiwa anajivunia. Jemutai akamtazama mashavu. Mashavu yalikuwa yanasonga.

"Mzee, unatafuna nini?"

Alisimama akafikiri. Kwa kweli hakujua. Alikuwa amepitia buchani kuomba ruhusa, kukawa na mbuzi motoni, na mdomo wake ukafanya kazi yake bila kumshauri. Akarudishwa nyumbani.

Jumatano alipita njia ya nyuma, mbali na bucha zote, akafika na mdomo mtupu. Jemutai alikuwa ameshafungua kifuniko cha mashine alipoona heri aulize kwanza.

"Kuanzia jana usiku hujaweka kitu kwa tumbo?"

"Hata punje. Nimekunywa chai tu."

"Chai gani?"

"Chai tu. Ya maziwa."

"Na sukari?"

Jamleck alimwonea huruma. "Madam, chai bila sukari ni dawa ya kuoshea macho."

Na hapo tusimcheke, maana ukanda wote huu, kuanzia Naivasha mpaka Molo, ndivyo tunavyohesabu. Mtu akinywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa na vijiko vinne kila kimoja, ukimwuliza atakuapia hajaonja kitu tangu jana. Chai si chakula. Chai ni namna ya kuamka. Jemutai, aliyezaliwa kwa watu wa ng'ombe na maziwa, alilijua hilo vizuri, lakini alimrudisha nyumbani vilevile.

Jioni hiyo Jamleck alikata tamaa. Alimwambia mkewe kwamba yeye atakufa bila kupimwa, kipande kwa kipande kama baba yake, na wala hajui mchomaji asiye na miguu atasimama wapi. Alisema hivyo akiwa na machozi. Wamuyu akaweka kikombe chake cha maji chini, akamshika goti.

"Baba Natalie, mbona unajitesa? Sisi tutakufungia."

Hapa sharti nieleze kazi ya Wamuyu. Kanisani kwao kuna kikundi cha akina mama saba, na kazi ya kikundi hicho ni kufunga kwa niaba ya watu. Ukiwa na shida kubwa na kazi inakuzuia kushinda njaa, unawapelekea shida, wao wanashinda njaa badala yako. Walimfungia binti wa jirani yao Ndegwa alipofanya mitihani pale chuo cha Njoro, akapita. Walifunga kwa ajili ya lori lililozama kwenye tope la msitu wa Mau, likatoka, na dereva alikuwa akila chapati wakati wote. Zamu zao ziliandikwa kwenye daftari lenye jalada la samawati, na jina lililorudiwa kuliko yote lilikuwa la Wamuyu. Kila Ijumaa, miaka kumi na tisa, hakuwa amekosa. Na kila dharura walimtanguliza yeye, kwa sababu alikuwa bingwa. Hata mwili ulionyesha. Mwaka huo alikuwa amekonda mpaka nguo zikamning'inia, na kanisa zima likasema huo ndio mwili wa mtu aliye karibu na Mungu. Alikuwa pia na kiu isiyoisha, mtungi mzima kwa usiku mmoja, naye akasema ni kiu ya mwenye kuomba.

Basi Jamleck aliona mzigo umetoka mabegani. Kama njaa yao iliweza kuvuta lori tani kumi kutoka topeni, haiwezi kushindwa na kidole kimoja. Mercyline, mwenyekiti wa kikundi, mama mwenye sauti ya kuamsha mji, aliandika jina lake daftarini: *Jamleck, sukari, saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi, wote saba*. Na usiku huo Jamleck akala mbavu robo tatu ya kilo, ugali na kachumbari, akiwa na amani ambayo hakuwa ameipata tangu Jumatatu. Wamuyu aliketi mbele yake akitazama ukuta.

Alhamisi asubuhi, saa mbili kasoro, Jemutai alifungua mlango wa maabara akakuta akina mama saba wenye vitambaa vyeupe kichwani wameketi kwenye benchi, matumbo yao yakinguruma kwa zamu, na mwisho wa benchi mzee mmoja mwenye midomo inayong'aa kwa mafuta.

"Mzee, leo umefunga?"

"Imefungwa," Jamleck alisema.

"Umekula ama hujakula?"

"Mimi nimekula. Lakini hawa hawajakula."

Jemutai aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, kisha akaketi kwenye kiti cha wagonjwa.

Mercyline alisimama. Aliwahi kujadiliana na chifu, na maaskofu wawili, hakuona mtu wa maabara kama kizuizi. "Madam, sisi tumefungia watu wengi. Tulifungia mama mwenye alifanyiwa operation Nakuru. Daktari aliuliza nani ako na njaa? Hakuuliza. Operation ikaenda poa. Wewe mpime tu, njaa iko, tumekuja nayo."

"Mathe, damu yake haijui nyinyi."

"Mungu anatujua."

"Mungu sawa. Lakini hii mashine haisomi Mungu." Jemutai alikuwa na subira, tumpe haki yake. Akachukua kidole cha Jamleck akakiinua ili wote wakione. "Sikizeni. Mtu akikula, sukari inapanda, yangu, yako, ya kila mtu. Hiyo ni kawaida. Nikimpima sasa hivi, nitakuwa nimepima mbuzi wa jana na ugali. Mtu akikaa usiku wote bila kukula, hakuna chakula cha kusingizia. Mwili umebaki peke yake, na inatakiwa ijipange yenyewe, ishikilie sukari mahali pake. Kama inaweza, nitaona. Kama imeshindwa, nitaona. Ndiyo maana nataka njaa ya mwenyewe."

Tumbo la mtu likanguruma.

"Kwa hivyo njaa yetu imeenda bure," Mercyline alisema polepole.

"Imeenda bure."

Hilo lilikuwa neno ambalo Mercyline hangeweza kulipeleka nyumbani. Katika miaka kumi na tisa kikundi hakijawahi kurudi na njaa ambayo haikutumika. Aliangalia wenzake, akaangalia mashine, akaanza kukunja mkono wa sweta. "Basi tupime sisi. Njaa ni njaa. Haiwezi kurudi hivi hivi."

Jemutai alikuwa na boksi la vipimo vya bure ambavyo vingeharibika mwisho wa mwezi, na pia alitaka benchi yake iwe wazi. Akakubali.

Wakapangwa. Mercyline alidungwa wa kwanza, akapata nne nukta tisa. Jemutai akasema ni vizuri sana, chini ya tano na nusu hivi hakuna neno, saba kwenda juu ndiyo shida. Wa pili akapata tano nukta mbili. Wa tatu akapata nne nukta saba, na hapo Mercyline akanuna kidogo, kwa maana ilishaanza kuonekana kama mashindano, na aliyepata namba ndogo ndiye aliyefunga sana. Mmoja alipata tano nukta tisa akaambiwa imepanda kidogo, apunguze wanga, na wenzake wakamtazama kwa jicho la upande. Wamuyu aliwekwa mwisho kwa heshima, bingwa afunge kazi.

Mashine ikahesabu. Jemutai akaitazama. Akamwambia Wamuyu anawe mikono kwa sabuni, akaikausha mwenyewe kwa karatasi, akadunga kidole kingine.

"Ngapi?" Mercyline aliuliza.

"Hiyo ni yake."

Lakini Mercyline alikuwa ameshainama. "Kumi na nne nukta mbili," akasoma, kwa ile sauti yake, na barabarani kote wakasikia.

Hakuna aliyesema *pole*. Laiti mmoja wao angesema. Walimwangalia Wamuyu jinsi watu wanavyomwangalia mtunza sadaka aliyekutwa na funguo mbili.

"Mama Natalie," Mercyline alisema, "sema tu. Tutakuombea. Ulikula nini?"

"Sijala," Wamuyu alisema.

"Labda ni mandazi," mwingine akasema kwa upole wa kuudhi. "Mandazi inaweza kukushika bila kujua."

"Sijala kitu."

"Mashine imesema."

Na Jamleck, aliyekuwa bado ameshika kidole chake mwenyewe, akauona uso wa mkewe. Miaka thelathini alikuwa ameuona ukiwa na njaa, na hasira, na usingizi, lakini hajawahi kuuona umeaibika. Alikumbuka usiku uliopita, mbavu zake mezani na macho ya Wamuyu ukutani. Alikumbuka mtungi. Alikumbuka alivyomsikia akiamka mara tatu, mara nne, mara tano, ndoo ikilia kwenye kona, naye akajigeuza upande wa pili akawaza miguu yake.

Ndoo ilikuwa ya watu wawili. Wiki nzima hiyo haikuwa imemjia akilini. Alikuwa ameona sisimizi akadhani wamekuja kwake, kama vile ndani ya nyumba ile hakukuwa na mtu mwingine.

"Hajala!" alipiga kelele, hata Jemutai akashtuka. "Mimi ndio nimekula! Nimekula mbele yake, robo tatu, na hakugusa hata mfupa! Mercyline, huyu mtu amekaa njaa kwa ajili yako ukiwa na kesi ya shamba. Amekaa njaa kwa ajili ya lori! Hamna haya?"

"Lakini hiyo namba, Baba Natalie..."

"Mathe," Jemutai alisema, "si nimewaeleza sasa hivi? Yeye ndiye amefunga, na sukari iko juu na hakuna chakula. Ugonjwa uko namna hiyo. Angekuwa amekula ningekuwa na wasiwasi kidogo. Hajala, ndiyo sababu niko na wasiwasi kubwa." Akamgeukia Wamuyu, akateremsha sauti. "Mama, unakojoa sana usiku?"

Wamuyu aliangalia mikono yake. "Nilidhani ni maji ya maombi," alisema.

Alipelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Akaambiwa kesho asubuhi wachukue damu ya mkononi kuthibitisha, halafu aanze dawa. Ale kidogo kidogo kwa saa zake. Achunge miguu, aikague kila jioni. Na kufunga siku nzima asahau kwanza, kwa sababu dawa na tumbo tupu vinaweza kumwangusha njiani. Mercyline aliondoka na daftari la samawati kwapani bila kuaga.

Usiku ule Jamleck hakula. Hakuna aliyemkataza. Sufuria ilikuwa imejaa, akaiangalia, akaifunika. Asubuhi alipomsindikiza Wamuyu, Jemutai akamwuliza kama amekula, akasema hapana, akaulizwa na chai je, akasema hata chai. Akadungwa. Tano nukta moja. Alikuwa mzima kama ng'ombe wa maonyesho. Miguu yake yote miwili ingemfikisha kaburini. Aliona furaha inampanda, na chini ya furaha aibu, na hakujua aifiche ipi, basi akatoka nje akajifanya anatafuta choo. Ya Wamuyu ilirudi kumi na tatu nukta nane.

Wiki nzima Wamuyu alikula kwa saa kama alivyoamriwa: maharagwe, sukuma wiki, ugali wa kiganja. Alikula akiwa amejikunyata, kama mtu anayekula cha wizi. Hakulia kwa ajili ya ugonjwa. Alichosema kilikuwa kimoja tu, jioni moja, Jamleck akiwa amepiga magoti anamkagua vidole vya miguu kwa tochi ya simu.

"Sasa mimi nitakuwa wa nini, Baba Natalie?"

Jamleck alihesabu vidole. Vilikuwa kumi. Akavihesabu tena.

Ijumaa iliyofuata, alfajiri, mlango uligongwa. Ni Mercyline, na daftari. Alisimama nje, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alizungumza kwa sauti ya chini. Aliomba msamaha. Kisha akasema kifungua mimba wake ana interview Nakuru siku hiyo, kazi ya stoo, na kwamba akina mama wengine wote wamejaza zamu, lakini mahali pa Ijumaa pameachwa wazi, hakuna aliyethubutu kuandika jina. Wamuyu alikuwa mezani, dawa mkononi, sahani mbele yake. Alianza kuisukuma sahani.

"Kula," Jamleck alisema. Akachukua daftari mlangoni, akatafuta kalamu, na chini ya jina la mkewe lililojipanga mistari na mistari akaandika *Jamleck*. Mercyline akafungua mdomo kumwambia kikundi ni cha akina mama. Akamtazama, akaufunga.

Siku hiyo kule Kikopey watu waliteseka. Meza ya kwanza ilirudisha mbavu, chumvi tupu. Meza ya pili ikarudisha paja, halina chumvi kabisa. Basi zima la wanakwaya kutoka Molo lilikula likiwa limekunja nyuso. Saa sita Zeddy alikuja mwenyewe jikoni, kitambaa begani.

"Jamo, ni nini mbaya? Si uonje?"

"Onja wewe, boss. Mimi leo niko zamu."

"Zamu ya nani?"

"Ya Mama Natalie."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jua liingie."

Zeddy alitazama foleni ya wateja, akatazama mchomaji wake bora akiwa amempa mgongo mbuzi mzima, akaona ni heri asiulize zaidi. Akachukua kisu akaanza kuonja, vibaya.

Saa tisa mkono wa Jamleck ulikata kipande, ukakipuliza, ukakiweka mdomoni bila ruhusa. Meno yalikuwa yameshashuka alipogundua. Akakitema kwenye kiganja, akakitupia mbwa, akashika ukingo wa meza mpaka dunia itulie. Moshi ulimwingia machoni, au tuseme ni moshi. Alikuwa akipiga hesabu ya Ijumaa za miaka kumi na tisa, na ikamshinda. Kila mojawapo ya Ijumaa hizo, kabla ya kuja kazini, alikuwa amekaa mezani, na Wamuyu, tumbo tupu, akasimama kwenye jiko akamkaangia mayai mawili na kumwuliza kama chumvi imetosha.